Kitakyushu: siku nne kwenye mji wa chuma, maoni yangu

Wengi wakifika Kyushu, kile kisiwa kikubwa cha kusini mwa Japani, wanashukia stesheni ya Hakata kwenye jiji la Fukuoka, wanakula rameni, wanapiga picha zao, wanaondoka. Kitakyushu wanaiona dirishani tu, Shinkansen, ile treni ya kasi, inasimama kidogo kwenye stesheni yake ya Kokura alafu hao. Na ni robo saa tu toka Hakata! Mimi nilishuka, nikakaa siku nne, na nataka niwaambie mnaopanga safari ya Japani kwamba huu mji msiupite, ila msiuendee kwa zile sababu za kwenye vipeperushi peke yake. Vipeperushi vinakupeleka Mojiko, bandari ya zamani kule Moji, na kwenye ngome ya Kokura. Sawa nenda, lakini moyo wa mji uko Yahata, kwenye chuma, na ukiiacha Yahata ni kama umekaribishwa nyumbani kwa mtu ukaishia barazani.

Niseme mapema mimi ni fundi wa kuchomelea, chuma ndo kinanilisha, kwa hiyo haya naandika kwa mapenzi kabisa.

Kitu cha kwanza cha kuelewa ili usipoteze muda: hii Kitakyushu ni miji mitano iliyounganishwa mwaka 1963, yaani Moji, Kokura, Tobata, Yahata na Wakamatsu. Mpaka leo kila mmoja una stesheni yake, maduka yake, na sura yake. Ukimwuliza mtu "katikati ya mji ni wapi" atakwambia Kokura, na hoteli nyingi ziko huko, mimi pia nililala huko. Ila usidhani ukishamaliza Kokura umemaliza mji, bado sana. Treni za JR zinapita mara kwa mara, chukua ile kadi ya kugonga getini, weka hela, tembea.

Siku ya kwanza nikaenda Yahata. Unashuka stesheni inaitwa Space World, usishangae jina, palikuwa na bustani kubwa ya michezo hapo iliyofunguliwa 1990 kwenye ardhi ya kiwanda na ikafungwa mwisho wa 2017, stesheni ikabaki na jina. Saivi pale ni The Outlets, maduka tu, ila ndani yake kuna makumbusho ya sayansi yanaitwa Space LABO, kama una watoto hapo watakusahau kabisa, wapeleke. Mimi nilipita moja kwa moja maana ukitoka tu stesheni unaliona lenyewe limesimama: tanuru la Higashida. Juu yake limewekwa bango kubwa, 1901.

Sasa hapo wengi wanakosea, wanadhani hilo tanuru ndo la 1901. Hapana. 1901 ni mwaka kiwanda cha chuma cha Yahata kilipoanza kazi, kiwanda cha serikali, na hapo ndipo Japani ilipoanza kuyeyusha chuma kwa wingi wa kweli. Waliichagua Yahata kwa sababu makaa ya mawe ya Chikuho yako jirani na bahari iko mlangoni, meli inaleta madini, meli inabeba chuma. Tanuru lenyewe lilijengwa upya mara nyingi mahali palepale, hili unaloliona ni la 1962, likazimwa 1972. Nusura livunjwe, watu wa mji wakasema hapana, na mwaka 1996 likawekwa kwenye orodha ya kumbukumbu za mji. Kuingia ni bure, bure kabisa, na hapa ndo nashangaa watu wanalipa hela kuona ngome ya zege wakati hiki kiko wazi.

Unapanda ngazi unafika mpaka sakafu ya kumwagia chuma, pale mbele ya mdomo wa tanuru. Wameweka masanamu ya wafanyakazi wakiwa na nguo zao za kazi, na sakafuni unaiona mifereji ambayo uji wa chuma ulikuwa unapita. Mimi nilipiga magoti nikaangalia huo mfereji kwa muda mrefu. Chuma kinapita huku, mavi ya chuma yanaelea juu yanachepushwa kule, na yote yanategemea mtu aliyesimama pembeni na fimbo ndefu ya chuma anayejua kwa macho tu kwamba sasa bado, sasa tayari. Nje wameweka lile behewa la kubebea chuma kilichoyeyuka, nene katikati limechongoka pande zote mbili, ukisimama pembeni yake ndo unajua kwamba ulichokuwa unaita kazi nzito ni mchezo.

Palikuwa na mzee mmoja wa kujitolea, ana kofia na tepe mkononi, Kiingereza hana na mimi Kijapani sina, tukawa tunaongea kwa programu ya kutafsiri kwenye simu. Akaniuliza kazi yangu. Sikuandika kitu, nikamwonyesha mikono yangu, hivi vidoa vya cheche vilivyojaa mpaka kwenye kiwiko. Akanyamaza. Akavua glovu yake, akanionyesha wake. Tukasimama pale mikono imekaa sambamba kama tunalinganisha saa, alafu akainama kidogo kwa heshima na mimi nikainama. Akanizungusha lile tanuru lote upya tangu mwanzo, saa nzima, akinionyesha kwa kidole vitu ambavyo havina kibao chochote cha maelezo. Hakuna tiketi inayoweza kununua kitu hicho.

Toka hapo kwa mguu unafika mahali pa kuangalizia jengo la kwanza la ofisi kuu ya kiwanda, la 1899, matofali mekundu, ghorofa mbili. Ni Urithi wa Dunia wa UNESCO toka 2015, pamoja na karakana mbili za zamani ambazo ziko ndani ya eneo la kiwanda. Nisiwadanganye, jengo lenyewe huingii. Kiwanda bado kinafanya kazi, kwa hiyo unaliangalia kwa mbali toka kwenye jukwaa, na nilikutana na watu wametoka mbali wamenuna kwelikweli kwa kutojua hilo. Jua mapema, usinune. Mimi kilichonigusa ni kwamba karakana ya ukarabati ya 1900 bado inatumika mpaka leo, yaani siyo makumbusho, ni karakana, watu wanaingia asubuhi wanafanya kazi.

Hapohapo Higashida kuna makumbusho mawili zaidi. La historia ya asili na ya binadamu ni kubwa mno, mifupa ya dainosari imepangwa ukumbi mzima toka mwanzo mpaka mwisho, linastahili nusu siku, mimi nilipita harakaharaka kwa sababu nilikuwa nalitaka lile la pili, la mazingira. Na hilo la pili nawaomba msiliruke hata kama linaonekana dogo na la watoto wa shule.

Maana hadithi ya huu mji ni moshi. Miaka ya 60 angani hapa palikuwa na moshi wa rangi, wenyewe walikuwa wanauita moshi wa rangi saba na wanajivunia, maana moshi ni kazi na kazi ni chakula. Ghuba ya Dokai iliyoko katikati ya viwanda waliiita bahari ya kifo, hakuna kiumbe kilichoishi humo. Walioanza kusema imetosha ni kina mama wa Tobata. Nguo wanafua nyeupe wanaanua nyeusi, watoto wanakohoa. Sasa fikiria ugumu wake, waume zao ndo wanafanya kazi kwenye viwanda hivyohivyo, ukikilaumu kiwanda umeigusa sahani ya nyumbani kwako. Lakini hawakuja na kelele tupu, walitundika shuka na mashati sehemu mbalimbali wakalinganisha jinsi masizi yanavyoingia, wakaandika, wakaenda kwa wataalamu wakajifunza, na 1965 wakatengeneza filamu yao wenyewe, jina lake maana yake ni kwamba tunataka anga la bluu. Mji na viwanda vikasikiliza, mitambo ikabadilishwa, tope la sumu likachimbuliwa toka kwenye ghuba. 1990 mji ukapewa tuzo ya mazingira ya Umoja wa Mataifa, ile ya Global 500. Kule Wakamatsu upande wa Hibiki wana eneo zima la viwanda vya kuchakata taka toka 1997, magari mabovu, chupa, mashine za ofisi, ukitaka kutembelea unaomba nafasi kabla.

Mimi nilisimama mbele ya picha mbili za angani, ile ya zamani na ya sasa, mahali ni palepale. Nilikaa hapo mpaka mlinzi akaja kuangalia kama niko sawa.

Jioni nikapanda mlima Sarakura, mita 622. Unapanda treni ya kuvutwa na kebo dakika chache, alafu unabadilisha kigari kingine kidogo cha vioo mpaka kileleni, kwenda na kurudi ni yeni zaidi kidogo ya 1,200. Usiku wa kwanza nikakuta ukungu, sikuona hata taa moja, hela imekwenda. Kwa hiyo ushauri: ukiwa chini angalia kilele, kama hukioni na chenyewe hakikuoni. Kuna kamera ya mlimani mtandaoni, mimi nilijua baadae. Nikarudi usiku wa tatu, anga safi, na hapo nikaelewa kwa nini mwaka 2022 walioshindanisha miji ya Japani kwa mandhari ya usiku waliiweka Kitakyushu ya kwanza. Wenyewe wanaiita mandhari ya dola bilioni 10. Unaona ghuba yote, daraja la Wakato, taa za nyumba za njano, na katikati yake viwanda vinawaka taa nyeupe za ubaridi na moshi wa mvuke unapanda taratibu. Upepo kule juu ni mkali hata kama chini ni joto, beba koti. Na usiende dakika ya mwisho, nenda nusu saa kabla jua halijazama ukae uone taa zinavyoanza kuwaka moja moja, upande wa Wakamatsu zinaanza, alafu Tobata, alafu ghafla zote.

Chakula sasa. Huu mji umelishwa na watu wa shifti, kiwanda hakilali, mtu anatoka kazini alfajiri na njaa yake, ndo maana kuna maduka ya udoni, zile tambi nene za ngano, yanayofungua masaa 24. Agiza udoni yenye gobo ya kukaanga juu, ule mzizi mrefu mwembamba, unakatwa vipande unakaangwa kwa unga, ukiuchovya kwenye mchuzi unalainika nje ndani bado unakatika meno. Nililipa kama yeni 700 nikashiba mpaka mchana. Pia kuna maduka ya pombe ambayo watu wanakunywa wamesimama palepale dukani, wanaita kakuuchi, nayo ilitoka kwa hao hao watu wa shifti, ukiingia salimia, simama, agiza kitu kimoja, hata chai ya chupa hakuna atakayekuangalia vibaya. Gyoza za Yahata, vile vimaandazi vya unga vyenye nyama ndani, ni tamu na zinahusishwa na wafanyakazi wa chuma, ila zina nguruwe, kwa asiyekula ajue. Soko la Tanga pale Kokura lazima upite, sehemu yake iliungua mara mbili mwaka 2022, Aprili na Agosti, inaumiza, lakini wauzaji wapo. Tafuta mama anayeuza nukadaki, dagaa wakubwa au samaki wa mgongo wa bluu wamechemshwa na pumba za mchele zilizochachushwa, rangi yake haivutii hata kidogo, ni kahawia nzito, ila weka kwenye wali wa moto kijiko kimoja tu. Mimi nilirudi kwa yule mama siku tatu mfululizo, siku ya tatu akaniwekea nyongeza bila kusema kitu.

TOTO Museum, Kokura. Najua mnasema makumbusho ya vyoo ya nini. Nendeni. Kampuni ilianza 1917 hapahapa, kuingia bure, jengo zuri, na kila kitu kimepangwa kwa heshima kama vile ni dhahabu. Unaona walivyoanza na udongo wa kuchoma, wakatoka huko mpaka Washlet ya 1980, kile choo kinachokuosha kwa maji ya uvuguvugu. Wafanyakazi wenyewe walijijaribia mpaka wakapata kwamba joto la maji liwe nyuzi 38 na mrija utoke kwa pembe ya digrii 43. Yaani watu wazima walikaa wakabishana juu ya hilo kwa makini, na leo kila hoteli Japani unafaidi. Kuna pia chumba cha kuogea kilichotengenezwa kiwandani kikiwa kimekamilika kwa ajili ya Hotel New Otani, enzi za Olimpiki ya Tokyo ya 1964, wakati hoteli ilikuwa haina muda wa kusubiri mafundi wa vigae.

Ngome ya Kokura ilijengwa 1602, jengo kuu la sasa ni la 1959, kwa nje ni zuri, piga picha endelea. Ila bustani iliyo pembeni yake usiipite bila kujua ulipokanyaga. Hapo palikuwa na kiwanda cha silaha, na tarehe 9 Agosti 1945 ndege iliyobeba bomu la pili la atomiki ilikuja Kokura kwanza. Ikazunguka mara tatu, chini hakuonekani, mawingu, na wengine wanasema ni moshi wa Yahata iliyokuwa imepigwa mabomu siku moja kabla, ikaenda Nagasaki. Makumbusho ya amani ya mji yalifunguliwa 2022 hapo jirani. Ni madogo, yametulia, na yanawakumbuka watu wa Nagasaki kwa namna ambayo ilinifanya nitoke nje nikakae kwenye benchi. Moshi tena.

Mojiko ni pazuri, sibishi. Stesheni ya mbao ya 1914 imekarabatiwa vizuri mno, kuna bomba la maji ambalo wanajeshi na raia waliorudi toka ng'ambo baada ya vita walikunywa hapo, watu wanapita bila kuliona. Jengo la Mitsui Club alilala Einstein mwaka 1922. Daraja la bluu la waenda kwa miguu linajifungua mara kadhaa kwa siku, simama likijifunga uvuke. Ila Jumapili pana watu wengi kupita kiasi, na kwa yaki kari, ule wali wa kari na yai na jibini unaookwa, nilipanga foleni kama saa nzima kwenye mgahawa mmoja ambao sitautaja, kari ikaja juu inachemka chini baridi, na wahudumu wanataka uondoke ukiwa bado unatafuna. Kesho yake nikala kwingine, kichochoroni, hakuna foleni, kari tamu. Msifuate foleni.

Kitu kizuri zaidi cha upande huo kwangu ni kazi nyingine ya ufundi: njia ya waenda kwa miguu inayopita chini ya bahari, ya Kanmon. Mita 780, ilifunguliwa 1958, unashuka kwa lifti, unatembea chini ya mlango wa bahari, katikati sakafuni pamechorwa mstari wa mpaka, mkoa wa Fukuoka huku, wa Yamaguchi kule. Kwa miguu hulipi, baiskeli unaisukuma na yeni 20. Nilikuta wazee wanafanya mazoezi humo, wanaenda wanarudi, wanasalimiana kila wakipishana.

Siku ya mwisho nikabakiwa na masaa matatu, nikaenda Tobata kupanda kivuko cha kwenda Wakamatsu. Daraja jekundu la Wakato la 1962 linapita juu ya kichwa chako, ni la magari, mtu wa miguu na wa baiskeli anavuka chini kwa boti, dakika kama tatu, nauli ndogo sana. Wanafunzi na baiskeli zao, mama na mfuko wa vitunguu, na mimi. Hakuna mtalii mwingine. Upande wa pili kuna gati la zamani, Wakamatsu ilikuwa bandari kubwa ya makaa ya mawe, na kuna kibanda cha kuwakumbuka makuli waliokuwa wanabeba makaa, wakiitwa gonzo, na jengo la 1913 lenye mgahawa wa kahawa ndani.

Ukingoni pale palikuwa na mzee anavua kwa ndoano, ndoo iko pembeni ya mguu wake. Hii ndo ghuba ya Dokai, ileile. Nikamsalimia kwa maneno mawili ya Kijapani niliyokuwa nayo, akaivuta ndoo akaisogeza upande wangu nichungulie. Samaki watatu, wa fedha, wadogo kama kiganja, mmoja bado anapiga mkia.